Vyeti vya zimamoto na huduma ya dharura hapa Texas: mwenye miaka 34 aanzie wapi?

Askari wa Zamani (Fort Worth)

Ndugu zangu, salaam nyingi kwenu. Nimekuwa nikisoma jukwaa hili kimya kimya kwa muda mrefu, na leo naomba mwongozo wa wale mnaofanya kazi ya zimamoto au ya kuhudumia wagonjwa wa dharura katika jimbo hili.

Nina umri wa miaka 34 na miezi minne. Nyumbani Tanzania nilitumikia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa miaka sita, kisha nikapata viza ya bahati nasibu nikahamia huku pamoja na mke wangu na watoto wawili. Kadi ya ukaazi wa kudumu ninayo, ila uraia bado. Usiku napanga mizigo katika ghala. Siilalamikii kazi hiyo kwa sababu inalisha familia, lakini kila king'ora kinapopita barabarani mikono yangu husimama yenyewe, na nikisikia injini ikipanda daraja la barabara kuu naweza kusema kama tangi limejaa maji au linarudi tupu.

Mwaka jana nililipa dola 600 kwa kozi ya mtandaoni iliyoniahidi cheti cha zimamoto kinachotambulika Marekani nzima. Nilipokipeleka kwenye idara moja ya mji mdogo, afisa aliyenipokea alikisoma kwa heshima, akanirudishia, akasema hawezi kukitumia. Nilirudi nyumbani nikakificha kabatini ili mke wangu asikione.

Sasa naomba kufahamu mambo manne. Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kutoa vyeti katika jimbo hili? Je, mafunzo niliyopata nyumbani yanahesabika kwa namna yoyote? Je, ni lazima mzimamoto ajifunze pia kuhudumia wagonjwa, maana kazi yetu ilikuwa kuwatoa watu kwenye hatari na kuwakabidhi kwa wenzetu wa afya? Na je, naweza kuanza kwa kujitolea kijijini ili nisipoteze mkono wangu wa kazi wakati nikitafuta njia?

Mtoto wa Nakuru (Houston)

Kaka, pole sana kwa fedha zako, na usione haya, kwa sababu namfahamu zaidi ya mtu mmoja aliyepita njia hiyo hiyo. Serikali kuu ya Marekani haitoi cheti cha zimamoto cha nchi nzima. Kila jimbo lina utaratibu wake, na hapa Texas wanaotoa vyeti ni watatu, ndiyo maana wageni wengi hupotea njiani.

Wazimamoto wanaolipwa mshahara wako chini ya Texas Commission on Fire Protection, chombo cha serikali ya jimbo kilichopo Austin, ambacho sisi kazini tunakiita Tume. Wanaohudumia wagonjwa, kuanzia ngazi ya chini kabisa hadi paramediki, hupewa vyeti na idara ya afya ya jimbo, yaani Department of State Health Services. Wanaojitolea hawalazimishwi na sheria ya jimbo kuwa na cheti chochote cha zimamoto. Anayekitaka hukipata kupitia chama kiitwacho State Firefighters' and Fire Marshals' Association, ambacho kipo tangu 1876, au hujipeleka mwenyewe mbele ya Tume akafuata masharti yale yale ya wanaolipwa.

Cheti cha kwanza cha Tume ni cha msingi cha kuzima moto wa majengo. Unapaswa kumaliza kozi ya zaidi ya saa 460 katika chuo ambacho Tume imekiidhinisha, kisha unafanya mtihani wa vitendo na wa maandishi, na alama ya kufaulu ule wa maandishi ni asilimia 70. Ukishindwa unapewa nafasi moja zaidi, na ukishindwa tena unarudi kusoma kozi upya. Ndani ya kozi hiyo mna mafunzo ya kemikali hatari, ambayo wengi huyachukulia kama nyongeza tu ilhali ndiyo yanayoamua nani anarudi nyumbani.

Wewe uliyewahi kuvaa koti la moto utayaelewa haya kuliko kijana anayeanza, lakini usije ukadharau mtihani wa vitendo. Msimamizi husimama na karatasi yake ya alama wala hakusaidii kwa neno. Mimi nilivaa buti, suruali, koti, barakoa na mtungi wa hewa ndani ya muda uliowekwa, nikasimama wima nikijua nimemaliza. Akazunguka nyuma yangu, akapitisha kidole chini ya kofia ya kitambaa, akakuta ngozi ya shingo iko wazi upana wa kidole kimoja. Nikarudia tangu mwanzo. Hadi leo, kabla sijaingia kwenye nyumba yenye moshi, mkono wangu hupita kwanza shingoni, na nikitoka namshukuru mzee yule.

Kuhusu mafunzo ya nyumbani, tazama vyeti vyako kama vina muhuri wenye namba wa IFSAC au wa Pro Board. Zote mbili ni taasisi za ithibati za mafunzo ya zimamoto. IFSAC ina ofisi zake Oklahoma State University, na Tume yenyewe imethibitishwa nayo, kwa hiyo mihuri hiyo inasomeka kutoka jimbo hadi jimbo na hata kutoka nchi hadi nchi. Ukiwa nao, iandikie Tume barua na uambatanishe nakala. Kama huna, basi jipange kuingia chuoni kama wengine. Usidhani wanakidharau ulichokifanya Dar es Salaam au Dodoma. Wanachotaka ni kujua kwamba mtu atakayeshika mpira wa maji nyuma yako amepimwa kwa kipimo kile kile ulichopimwa wewe.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo lazima nikuambie leo, ni umri. Miji mingi ya Texas huajiri wazimamoto kwa kufuata sura ya 143 ya sheria ya serikali za mitaa, na sheria hiyo inakataza mtu aliyetimiza miaka 36 kuingizwa kwenye orodha ya wanaostahili nafasi ya kuanzia katika idara ya zimamoto. Miji ambayo haikuipitisha ina taratibu zake. Kuhusu uraia pia kila mji una sharti lake, na wapo wanaoridhika na haki ya kufanya kazi nchini. Soma tangazo la kila mji kwa makini. Una miezi 20, kaka, na mtihani wa kuingia katika mji mmoja unaweza kufanyika mara moja tu kwa mwaka.

Dada wa Uvira (Houston)

Nami naongezea upande wa wagonjwa, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nilianza kama EMT, yaani mhudumu wa tiba ya dharura kwenye ambulensi, sasa ni paramediki, ngazi ya juu kabisa, na jioni mbili kwa wiki nasaidia kufundisha.

Kaka, kama ungeniomba jambo moja tu, ningekuambia uanze na EMT muhula huu huu, kabla hata ya chuo cha zimamoto. Uliuliza kama mzimamoto lazima ahudumie wagonjwa. Tume haikupi cheti cha msingi mpaka uonyeshe kwamba umepata mafunzo ya tiba ya dharura, na hapo tayari jibu ni ndiyo. Lakini hata pasipo sharti hilo, fahamu kwamba katika idara za zimamoto za nchi hii takriban theluthi mbili ya miito yote ni ya wagonjwa, na moto wenyewe ni sehemu ndogo sana. Gari jekundu unalolisikia usiku, mara nyingi linakwenda kwa bibi aliyeanguka bafuni.

Ngazi ni nne. Ya kwanza kwingineko huitwa EMR, lakini hapa Texas inaitwa ECA. Huyo anajua kuzuia damu, kukandamiza kifua, kutumia mashine ya kushtua moyo, na kumlinda mgonjwa mpaka wakubwa wafike. Ya pili ni EMT, ambaye ndiye uti wa mgongo wa ambulensi: anapima, anatoa oksijeni, anafunga mifupa iliyovunjika, anampa mgonjwa baadhi ya dawa. Ya tatu ni EMT wa ngazi ya juu, anayeweza kuweka dripu. Ya nne ni paramediki, anayesoma mchoro wa umeme wa moyo, kuingiza mpira wa hewa kooni na kutoa dawa nyingi, na mafunzo yake hupita saa 1,000. Kozi ya EMT ni ya saa 150 na zaidi, na vyuo vya jamii karibu kila kaunti kubwa vinaifundisha jioni. Kabla ya kulipa senti yoyote, uliza namba ya idhini ya chuo kutoka idara ya afya ya jimbo. Chuo halali hakikasiriki kuulizwa.

Ukimaliza unakwenda kwenye mtihani wa National Registry, taasisi ya nchi nzima inayowapima na kuwasajili wahudumu wa dharura, iliyoanzishwa 1970. Unafanyika kwenye kompyuta, kwa Kiingereza tu, una maswali kati ya 70 na 120, na muda ni saa mbili. Kompyuta huongeza ugumu kadiri unavyojibu vizuri, kwa hiyo ukiona maswali yanazidi kuwa mazito usikate tamaa, huenda ndipo unapofaulu. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu, kisha lazima upate mafunzo ya marudio. Baada ya hapo unaomba cheti cha jimbo, unachukuliwa alama za vidole, na kumbukumbu zako za makosa ya jinai zinapitiwa. Wengi hujikwaa hapa: cheti cha Texas hudumu miaka minne, na usajili wa National Registry hudumu miaka miwili na hutaka saa 40 za masomo ya kuendelea kwa ngazi ya EMT. Andika tarehe zote mbili ukutani. Nimewaona watu wazuri wakisimamishwa kazi kwa sababu ya tarehe iliyopita.

Kuna jambo lingine la Texas ambalo wanafunzi wangu hulishangaa. Sheria ya hapa haikupi orodha moja ya mambo ambayo EMT yeyote anaruhusiwa kufanya popote. Daktari msimamizi wa huduma yako ndiye anayekukabidhi mamlaka hayo, nawe unafanya kazi chini ya jina lake. Kwa hiyo EMT wa mji huu anaweza kuruhusiwa jambo ambalo EMT wa mji wa pili hathubutu. Ukiajiriwa, soma mwongozo wa daktari wako kama unavyosoma kitabu cha dini.

Naomba niwape kisa kimoja, nikiacha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Tuliitwa kwenye ghorofa ya pili kwa mama mzee kutoka Kongo. Wenzangu walimuuliza kwa Kiingereza, mjukuu akatafsiri kwamba bibi amechoka na tumbo linamsumbua. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwamkia, nikamuuliza kwa lugha yake ilianza lini na alikuwa akifanya nini. Akasema, "Mwanangu, roho inanibana tangu alfajiri, nilikuwa nainua ndoo." Neno hilo la roho mjukuu hakulitafsiri, kwa sababu alidhani bibi anasema huzuni. Tuliweka nyaya kifuani, na mchoro ukaonyesha mshtuko wa moyo unaoendelea. Hospitali iliarifiwa kabla hatujashuka ngazi. Yale maswali ya ilianza lini, ulikuwa ukifanya nini, inauma namna gani, inaenea wapi, niliyakariri darasani kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha, na nilifundishwa pia kwamba kwa wanawake mshtuko wa moyo hujificha nyuma ya uchovu na kichefuchefu. Kaka, Kiswahili chako nacho kitakuwa kifaa cha kazi.

Mkitaka kujua kazi hii ilitoka wapi, tafuteni habari za Freedom House, huduma ya ambulensi ya huko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Kuanzia 1967, wanaume weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, walifundishwa tiba ya dharura kwa kina ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye magari ya wagonjwa ya nchi hii. Zamani hizo, sehemu nyingi mgonjwa alibebwa na polisi au na gari la kuzikia. Mji uliivunja huduma ile mwaka 1975, lakini mafunzo yao yalikuwa yameshakuwa kielelezo. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu siku ya kwanza.

Mfugaji wa Kaskazini mwa Waco

Nimewasoma wenzangu kwa makini na nayakubali waliyoyasema, ila swali la kujitolea limepitiwa haraka mno, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafuga ng'ombe wachache na mbuzi, na kwa miaka minane nimekuwa katika kikosi cha kujitolea cha kijiji chetu. Idara nyingi za zimamoto za Texas ni za kujitolea. Ukitoka mijini, anayekuja nyumba yako inapowaka ni fundi bomba, mwalimu au muuza nyasi kavu.

Kutoka kwangu hadi mji wa West ni mwendo wa gari usiofika nusu saa. West ni jina lake tu, uko katikati ya jimbo. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, ghala la mbolea la mji huo lilishika moto. Taarifa ilitolewa mnamo saa 1:29, na wanakikosi wa kujitolea wakakimbilia huko. Dakika kama 20 baadaye, tani zipatazo 30 za mbolea ya ammonium nitrate zililipuka. Watu 15 walifariki, na 12 kati yao ni waliokwenda kusaidia. Usiku ule kulikuwa na darasa la EMT likiendelea katika jengo la ambulensi la mji. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wazimamoto wa kujitolea wa vijiji jirani, wakaacha madaftari mezani wakaenda motoni. Wapo ambao hawakurudi.

U.S. Chemical Safety Board, bodi ya serikali kuu inayochunguza ajali za kemikali, ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2016. Ilieleza kwamba waliofika pale hawakuwa wamepewa mafunzo ya kutosha juu ya hatari ya mbolea ile, na kwamba jimbo halikuwa limeweka kiwango cha chini cha mafunzo kwa wanaojitolea. Ujasiri walikuwa nao wa kutosha. Kilichowapungukia ni saa chache za darasa, na mtu wa kuwaambia kwamba mbolea hiyo ikishapata joto kali, kazi ya mzimamoto ni kuwaondoa watu na kujiondoa yeye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba sheria ya jimbo ingepaswa kumtaka kila anayepanda gari la zimamoto, alipwe asilipwe, awe na cheti cha kiwango fulani. Moto hauulizi nani analipwa mshahara.

Kwako ndugu yangu wa Fort Worth: njoo ujitolee, tena njoo kwa moyo wote, lakini kabla ya kujiandikisha muulize mkuu wa kikosi maswali mawili. Je, mnafanya mazoezi mara ngapi kwa mwezi, na je, mnafuata programu ya vyeti ya chama au ya Tume? Kikosi kinachokupa koti siku ya kwanza na kukupandisha garini siku ya pili, kishukuru na uondoke.

Mtoto wa Nakuru (Houston)

Mzee wangu wa Waco, nakuheshimu na kisa cha West kinaniuma kama kinavyokuuma. Hata hivyo naona ugumu katika sheria unayoitaka. Kikosi cha kijiji chenye watu tisa, wote wana kazi za mchana na watoto, ukikiambia kila mmoja amalize saa 460 kabla ya kugusa mpira wa maji, mwaka unaofuata kitakuwa na watu wawili, na wa tatu mlango utafungwa. Februari 2024, moto wa Smokehouse Creek ulipoteketeza zaidi ya ekari milioni 1 kule Panhandle, pembe ya kaskazini ya jimbo, moto mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hili, wa kwanza kufika kwenye mashamba na nyumba walikuwa hao hao wa kujitolea. Tukiwapoteza, nani atakwenda?

Mfugaji wa Kaskazini mwa Waco

Mwanangu, hoja yako ni ya kweli, na sikutaka saa 460 kwa kila mtu. Nataka ngazi. Anayeongoza magari barabarani na kujaza maji ajue mambo ya usalama na kutambua alama za kemikali, jambo linalowezekana katika majuma machache ya jioni. Anayeingia ndani ya jengo linalowaka apimwe kama wewe ulivyopimwa. Anayetoa amri mahali pa tukio afundishwe lini arudishe watu nyuma, maana kule West lililokosekana zaidi ni uamuzi huo. Fedha zipo kwa sehemu: tangu 2001 Texas A&M Forest Service, idara ya misitu ya jimbo, inaendesha mpango wa kuvisaidia vikosi vya kujitolea vya vijijini kwa vifaa na ada za mafunzo, na kikosi chetu kimetuma watu College Station, kwenye uwanja wa mazoezi wa Brayton, bila kijiji kuuza hata ng'ombe mmoja. Tatizo ni kwamba anayeomba ni mkuu mwenye bidii, na asiye na bidii haombi. Hapo ndipo sheria inahitajika.

Mtoto wa Nakuru (Houston)

Kwa ngazi namna hiyo, nakubaliana nawe, na ningeiunga mkono mbele ya mbunge yeyote.

Askari wa Zamani (Fort Worth)

Shikamoo mzee wa Waco, na asanteni sana kaka na dada. Jana nilimsomea mke wangu majibu yenu yote, hata ile habari ya dola 600, na amenisamehe. Vyeti vyangu vya nyumbani nimevikagua, havina mihuri mliyoitaja, kwa hiyo nimekubali kuanza upya.

Nina maswali mawili ya mwisho. Nafuga ndevu kwa ajili ya dini yangu. Je, ni kikwazo? Na mtihani wa nguvu za mwili ukoje, ili nianze kujiandaa sasa?

Mtoto wa Nakuru (Houston)

Kuhusu ndevu nitakuambia ukweli bila kuupamba. Barakoa ya hewa lazima igusane na ngozi pande zote, kwa sababu nywele zikipita katikati moshi hupenya. Karibu kila idara inataka pale barakoa inapokaa pawe pamenyolewa, na kila mwaka unavalishwa na kupimwa kama hewa haivuji. Masharubu yanaruhusiwa. Wenzetu Waislamu ninaofanya nao kazi wamezungumza na mashehe wao na kila mmoja amefuata alichoridhika nacho moyoni. Zungumza na wako mapema kabla hujaitwa kwenye usaili.

Mtihani wa nguvu jimbo haliutaki. Miji ndiyo huupanga, na mingi hutumia ule uitwao CPAT. Una vituo vinane, na vyote lazima uvimalize ndani ya dakika 10 na sekunde 20 ukiwa umevaa fulana yenye uzito wa karibu kilo 23. Kituo cha kwanza ni ngazi inayozunguka, dakika tatu, na hapo huongezewa karibu kilo 11 nyingine mabegani. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapo hapo, au hutoka hapo miguu ikiwa imekwisha. Baadaye unaburuta mpira wa maji, unabeba misumeno, unainua ngazi, unapiga nyundo, unatambaa gizani, unaburuta sanamu ya kilo 75, na mwisho unasukuma na kuvuta dari kwa mchokoo mikono ikiwa imeshachoka. Mara tatu kwa wiki, vaa begi lenye mchanga upande ngazi, usishike reli. Kushika reli ukiwa kwenye mtihani ni kosa, na mwili hujifunza kile unachouzoesha.

Dada wa Uvira (Houston)

Na ukipanda ngazi, kariri maswali ya mgonjwa kwa sauti. Ukiweza kuyauliza ukiwa unahema, utaweza kuyauliza saa 9 usiku chumbani kwa mtu.

Askari wa Zamani (Fort Worth)

Nimejiandikisha. Chuo kilinipa namba ya idhini nilipoiuliza, na yule mama wa dawati la mapokezi aliandika kwa mkono wake pembeni ya fomu jina la ofisi ya jimbo nitakapoithibitisha. Darasa linaanza Jumatatu, saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, siku mbili kwa wiki, na msimamizi wangu wa ghala amenibadilishia zamu. Jumamosi hii, mzee wangu wa Waco, nitaendesha gari kuja kutazama mazoezi ya kikosi chenu, nikiwa na buti zangu za zamani.

Mfugaji wa Kaskazini mwa Waco

Marahaba, mwanangu. Karibu sana, tunaanza saa 2 asubuhi. Buti ziache garini, kwanza utakaa nasi darasani: Jumamosi hii tunasoma alama za kemikali.